Trekta Kuukuu na Shamba Lenye Miti

Askari anapokaribia kustaafu, awe wa jeshi au wa polisi, mazungumzo yake kambini hubadilika. Jana alikuwa akizungumza habari za zamu na uhamisho. Leo azungumza habari za ekari. Aghalabu ekari zenyewe ziko Nakaseke, Kiboga au Mubende, au huko kaskazini, Nwoya na Amuru, mahali ambapo ardhi bado ina miti na bei yake haijafikia ile ya jirani na Kampala. Na katika kila mazungumzo hayo, kabla hata chai haijapoa, hutajwa trekta. Ndugu yetu amekwisha kuliona mahali, limepakwa rangi nyekundu inayong'aa, na mwenye kuliuza amemwambia kwamba lilikuwa la mzungu mmoja aliyelitumia kwa kukata nyasi tu. (Wazungu waliokata nyasi kwa matrekta katika nchi hii, kwa hesabu ya wauzaji, walikuwa wengi kuliko nyasi zenyewe.)

Ninaandika haya kwa sababu fedha inayozungumzwa hapo si fedha ya kawaida. Ni kiinua mgongo. Ni miaka ishirini na zaidi ya kulala mahandakini na kusimama njia panda juani, iliyokusanywa ikawa malipo ya mara moja ambayo hayatarudi tena. Au ni mkopo wa chama cha akiba, Wazalendo kwa wanajeshi au Exodus kwa polisi, ambao utakatwa katika mshahara kila mwezi hata kama trekta limelala chini ya mwembe na kuku wanataga katika kiti chake.

Katika shule ya makadeti tulifundishwa kwamba ofisa hachagui silaha kabla ya kuitazama ardhi. Kwanza huuliza: kuna vilima wapi, maji wapi, miti wapi, udongo unabeba uzito gani? Ajabu ni kwamba mtu aliyeishi na fundisho hilo maisha yake yote hulisahau siku anapovua sare. Huanza na trekta, kisha akalitafutia ardhi.

Kosa hilo lina historia yake katika Afrika Mashariki, na lilitendwa na watu waliokuwa na fedha nyingi kutushinda. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga huko Tanganyika, makao yake yakiwa Kongwa. Azma ilikuwa kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu za pori. Vita vilikuwa vimekwisha punde tu, matrekta mapya hayakupatikana, basi wakanunua makuukuu yaliyobaki katika maghala ya majeshi, mengine yakitoka mbali hata Ufilipino. Kiwanda cha Vickers nacho kilichukua vifaru vya Sherman, kikavivua mizinga, kikavigeuza kuwa matrekta ya minyororo yaliyopewa jina la Shervick. Msomaji mwanajeshi atapenda kusikia kwamba wengi wa wafanyakazi wa mradi ule walikuwa askari waliomaliza vita, wakijiita jeshi la karanga.

Pori la Kongwa halikujali. Mizizi ilikuwa imefumana chini ya ardhi kama wavu. Mibuyu ilikataa kung'oka, na udongo, ukisha kukauka, ulikuwa mgumu kama saruji, ukila majembe ya chuma jinsi tupa inavyokula. Kabla ya mwaka ule wa kwanza kwisha, karibu theluthi mbili ya mashine zilikuwa zimesimama, spea hazipo, mafundi hawatoshi. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, na mamilioni ya pauni yakawa yamekwenda na upepo. Miaka ya 1960 mahali palepale Kongwa palikuja kuwa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, na kwa maoni yangu hayo ndiyo mavuno bora yaliyowahi kutoka huko.

Ikiwa dola ilishindwa kwa sababu ilinunua mashine kuukuu bila ya kuijua mizizi, sembuse sajini mwenye hundi moja?

Basi na tuitazame ardhi yetu. Nyanda za Nakaseke zina mikambala na vichaka vya miba, na vichuguu vya mchwa virefu kuliko mtu. Huko Acholi mashamba mengi yalirudi kuwa msitu wakati wananchi walipokuwa makambini katika vita vilivyotulia mwaka 2006, na mti wa miaka ishirini una mizizi ya mtu mzima. Huko na Luwero pia, kabla ya kuingiza chuma chochote ardhini, waulize wazee ni wapi palipopiganwa. Ni kweli kwamba Uganda ilitangazwa mwaka 2012 kuwa huru na mabomu ya kutegwa ardhini, lakini sisi tulio katika kazi hii tunajua kwamba risasi na makombora ya zamani hayasomi matangazo.

Liko pia jambo ambalo wengi hulinong'ona tu. Wapo wanaopanga kulilipia trekta kwa mkaa wa miti itakayoangushwa. Amri ya Rais Na. 3 ya mwaka 2023 ilipiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi, na askari yuleyule anayetumwa usiku kuyazuia malori ya mkaa hawezi kuwa na tanuri lake nyuma ya nyumba. Mwone ofisa misitu wa wilaya kabla ya kushika shoka. Na ule mti ambao Waacholi huuita yaa, utoao mafuta, uache usimame. Trekta na lizunguke.

Sasa nije kwenye mashine yenyewe. Maoni yangu, ambayo najua yatawaudhi wapenda ukubwa, ni kwamba mtu mwenye ekari thelathini au hamsini zenye miti asinunue trekta kubwa lililoletwa kutoka ng'ambo likiwa na vyombo vya umeme na kibanda cha vioo. Tawi moja litavunja kioo, na waya mmoja ukikatika fundi wa Kiboga atabaki akiutazama. Anunue trekta la aina ambayo kila fundi wa Katwe ameifungua na kuifunga akiwa mwanagenzi. Kwetu hapa jina hilo kwa miaka mingi limekuwa Massey Ferguson. Lile dogo la 135, lililoanza kuundwa Coventry mwaka 1964, lenye injini ya Perkins ya silinda tatu na nguvu ya farasi 45 hivi, bado linavuta trela vijijini mpaka leo. Lakini kwa ardhi mpya yenye mizizi ni jepesi mno. Mfano wa 165, au wa 375 ambao umeundwa kwa miaka mingi huko Pakistan, wenye nguvu kati ya farasi 60 na 75, ndio unaofaa kuvuta plau ya sahani tatu. Nasema sahani kwa makusudi. Plau ya jembe la kawaida ikikutana na mzizi ama huvunjika ama huvunja. Sahani hupanda juu ya mzizi, ikashuka upande wa pili, ikaendelea na kazi.

Watu huniuliza habari za magurudumu manne yenye nguvu. Ni mazuri kwenye tope na mteremko, sikatai. Lakini ekseli ya mbele ya namna hiyo huning'inia chini, ndiyo hukutana na kisiki kwanza, na spea zake ni ghali. Nakaseke ni tambarare. Magurudumu mawili yanatosha, maadam yale ya nyuma yametiwa maji ndani ili yaongeze uzito.

Siku ya kwenda kulitazama, usiende peke yako, wala usiende na fundi aliyeletwa na muuzaji. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, kisha ukifika weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ina joto, kuna jambo analokuficha, kwa maana injini mbovu huona haya kuwaka ikiwa baridi. Ikiwaka, tazama moshi. Moshi mweusi unaotoka kidogo kisha ukatoweka si neno; wa buluu usiokoma ni oili inayoungua ndani, na ukarabati wa injini nzima unakungoja. Chomoa kijiti cha kupimia oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, nawe chukua kofia yako uondoke. Saa ya kuhesabia kazi usiiamini hata kidogo, kwani hubadilishwa kama betri. Amini pedali. Pedali ya klachi iliyolika mpaka ikang'aa haisemi uongo, wala usukani unaocheza kabla ya gurudumu kutii.

Mikono ya kunyanyulia plau ndiyo watu wengi husahau kuijaribu. Oili ikiwa baridi ni nzito, na pampu iliyochoka hunyanyua vizuri asubuhi. Lifanye trekta likoroge kazi nusu saa nzima, lipate joto, ndipo unyanyue plau yenyewe, uzime injini, ukae kando unywe soda. Plau ikishuka taratibu kabla hujaimaliza soda, kuna mpira uliokufa mle ndani. Hilo latengenezeka, lakini lipunguze bei. Lisilotengenezeka kwa urahisi ni ufa. Piga magoti chini ya trekta pale injini inapokutana na giaboksi, utafute alama za kuchomelea. Trekta lililong'oa visiki kwa ujinga huko lilikotoka hupasuka hapo, na rangi mpya hupakwa ili kuziba hapo hasa. Mwisho linganisha namba iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kitabu cha usajili. Askari wa polisi hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Likisha kununuliwa, kazi ya kwanza si kulima. Ni kwenda kwa mchomeleaji akatie wavu mzito mbele ya rejeta, maana mbegu za nyasi na vijiti huziba rejeta na injini ikachemka, na bamba la chuma chini ya tumbo. Kisha mwagize mwenye panga akate vichaka sawasawa na ardhi. Kisiki kilichokatwa mshazari ni mkuki, nao hutoboa tairi ubavuni, mahali pasipozibika.

Sajini mmoja niliyefanya naye kazi, ambaye jina lake nalihifadhi, alistaafu akanunua trekta siku ya tatu baada ya kupokea haki yake. Lilikuwa na nguvu kupita haja, na ufa wake ulikuwa umefunikwa kwa rangi. Mpwa wake alipewa aling'oeshe visiki. Akafunga mnyororo juu, kwenye ekseli, kwa sababu aliona hapo ndipo penye nguvu. Kisiki kilikataa kutoka. Gurudumu la nyuma lisipoweza kwenda mbele, injini haiachi kusukuma. Badala ya gurudumu kuzunguka, trekta lenyewe huzunguka juu ya ekseli yake, pua ikapanda mbinguni. Jambo hilo huchukua muda mfupi kuliko kutamka neno "simama". Harry Ferguson, yule mtu wa Ireland ambaye jina lake limo katika jina la trekta, alibuni miaka ya 1920 ile namna ya kufunga plau kwa nukta tatu, na moja ya faida zake ni kuizuia pua isipande plau inapokwama. Lakini mnyororo uliofungwa juu ya ekseli huifuta faida hiyo yote. Mnyororo hufungwa chini, kwenye upau wa kuvutia, basi, wala si pengine. Kijana aliruka, na mguu mmoja ukabaki chini ya gurudumu. Yuko hai, anatembea kwa fimbo. Trekta lilivunjika palipokuwa na ufa, likauzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Nilikwenda kumtembelea sajini huyo, nami nikamwuliza kwa nini hakuanza kwa kukodi. Akacheka akasema, "Afande, nilitaka na mimi nionekane." Jibu hilo nimelisikia kutoka kwa wengi wenye vyeo vya juu kumshinda, ingawa wao hawakulitamka kwa unyofu kama wake.

Sasa anafanya jinsi ambavyo ningemshauri mtu yeyote afanye mwanzoni. Vijana watatu humchimbia mizizi kwa sururu na shoka, robo ekari baada ya robo ekari, wakiacha miti ya kivuli na ya matunda. Visiki vikubwa huachwa vioze misimu miwili au mitatu, mchwa wakifanya kazi bila ya mshahara. Sehemu iliyokwisha kusafishwa hulimwa kwa trekta la jirani, kwa malipo ya ekari, na lisipowaka asubuhi hasara ni ya jirani. Nilipoondoka alikuwa amelima ekari sita. Ya saba ilikuwa bado na visiki kumi na kimoja. Alivihesabu mbele yangu, kimoja kimoja.