Mashine ya Nyasi kwa Ua wa Timboroa

Mama mmoja miongoni mwa wasomaji wetu, ambaye mumewe amehamishwa kikazi kutoka Mombasa hadi Timboroa, ametuuliza: wanunue mashine gani ya kukatia nyasi, ilhali wana watoto wadogo na ua wenye mteremko? Swali ni dogo kwa sura, lakini ndani yake mna fedha za nyumba na viungo vya watoto. Halistahili jibu la haraka.

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Timboroa, kando ya barabara ya Nakuru na Eldoret, iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Ni mahali pa baridi na mvua, na nyasi zinazostawi huko ni zile ziitwazo nyasi za Kikuyu, ambazo hutambaa na kufumana hata zikawa nene mfano wa godoro. Aliyezoea ua wa mchanga na ufagio wa chelewa amekutana na kazi nyingine.

Mashine ya kusukuma isiyo na injini ndiyo kongwe. Mwingereza Edwin Budding aliibuni mwaka 1830. Haina kelele wala gharama ya mafuta, lakini yafaa nyasi fupi na ua tambarare. Kwenye nyasi nene hukwama. Ya umeme wenye waya ni nyepesi, ila nyasi za huko hukaa zimelowa, na kisu kikiupitia waya penye majimaji ni hatari ya mauti. Ya betri yatosha ua mdogo tu, kwani nyasi nene humaliza chaji upesi. Imebaki ya petroli, na hapo ndipo wengi hukosea.

Injini huvuta hewa, na hewa ya mlimani ni nyepesi. Kwa kila mita 300 za kupanda, injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake. Basi Timboroa hupungukiwa na robo hivi: mashine ya nguvu za farasi 5 itafanya kazi ya farasi 4 kasoro. Kwa hiyo msichukue ndogo kabisa kwa kuvutiwa na bei. Tena kabureta iliyopangwa kwa pwani itamwaga petroli kupita kiasi. Moshi mweusi na masizi kwenye plagi ndiyo dalili zake. Fundi aweke jeti ndogo zaidi. Kwa sababu ya mteremko, chagueni yenye magurudumu yanayoendeshwa na injini, na mkate kwa kuukingama mteremko, si kwa kupanda na kushuka.

Jambo zito kuliko yote liko kwenye mpini. Sharti pawe na ufito ambao mkono ukiuachia, kisu husimama. Sheria ya Marekani imetaka tangu mwaka 1982 kisu kisimame ndani ya sekunde 3. Mwambieni muuzaji aiwashe, auachie ufito, nanyi mhesabu. Mkikuta ya mtumba ambayo ufito wake umefungwa kwa waya ili usiachie, iacheni hata mkipewa bure.

Siku ya kukata, watoto wakae ndani, kwani kokoto ikipigwa na kisu huruka kama risasi. Mawe yaokotwe kwanza. Petroli isitiwe injini ingali moto, na waya wa plagi uchomolewe kabla ya mkono kugusa kisu. Mkimwajiri kijana, mnunulieni viatu vigumu. Mguu wake nao ni amana mikononi mwenu, asikate kwa kandambili.

Mwisho, pimeni ua kabla ya kupima mfuko. Ikiwa ni hatua chache tu, fyekeo kali latosha, na jirani mwenye ng'ombe atashukuru kwa majani. Ikiwa ni mkubwa, nyumba mbili au tatu zaweza kushirikiana mashine moja nzuri, maadamu mmekubaliana mapema nani atalipa mafuta na nani atalipa fundi.

Wabillahi tawfiq.