Risasi ya Kwenye Betri

Mwezi uliopita nilisaini fomu ya taka hatari. Ndio, mimi, ambaye nyumbani siaminiwi hata kutoa pipa siku ya Jumanne. Kazini tulikuwa tunabadilisha betri za chumba cha seva, zile kubwa nzito zinazobeba mitambo umeme ukikatika, na meneja wa jengo alikuwa likizo. Dereva akanipa karatasi, nikasaini, paleti ikapakiwa kwenye lori. Kwenye ripoti yetu ya mwaka zitaandikwa kuwa zimerejelezwa, asilimia mia, na picha ya jani la kijani pembeni.

Wiki hiyo hiyo nikampigia shangazi yangu Mombasa, nikamhadithia.

"Ni betri za risasi hizo?"

"Ndio, shangazi."

"Na zinakwenda wapi?"

Nikamwambia zinakwenda kurejelezwa. Akanyamaza kidogo. "Hata Owino Uhuru walikuwa wakirejeleza, mwanangu."

Hapa nisimame kwanza kwa wale tuliokulia huku Uingereza. Risasi si ile ya bunduki tu. Ni jina la madini yenyewe, yale mazito ya kijivu. Nilipokuwa chuo, mamangu alikuwa akiangalia habari za Kenya, mtangazaji akasema watoto wana risasi kwenye damu. Nikauliza, nani kawapiga? Nilichekwa mpaka leo. Lakini ukifikiria, swali halikuwa la kijinga sana.

Owino Uhuru ni mtaa wa watu wa kipato cha chini, upande wa Changamwe na Mikindani. Mwaka 2007 pakafunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Mwaka 2009 wakamwajiri Phyllis Omido ofisini. Akashughulikia ripoti ya mazingira, ikaonyesha hatari, akashauri kiwanda kihamishwe. Hawakusikiliza. Halafu mwanawe mchanga akaanza kuugua, homa haiishi, na vipimo vikaonyesha ana sumu ya risasi. Akaacha kazi, akaanza kupima watoto wa majirani, akaandamana, akakamatwa. Kiwanda kikafungwa 2014. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman, na wengi wetu tulisambaza picha yake kisha tukasahau.

Kesi haikusahau. Julai 2020 mahakama ya mazingira iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikatengua. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyezaliwa kiwanda kikifunguliwa alikuwa na miaka kumi na saba.

Sasa, kinachonisumbua ni hiki. Kile kiwanda hakikuwa kinatupa betri jaani. Kilikuwa kinafanya hasa kile tunachojivunia kwenye ripoti zetu. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya aina hii ni risasi, na risasi inayeyushwa na kutumika tena bila kuchoka, kwa hiyo ina bei nzuri na hakuna anayeiacha ioze. Tofauti iko kwenye namna ya kufanya kazi. Kwenye kiwanda kizuri, betri inavunjwa na mashine ndani ya jengo lililofungwa, asidi inakusanywa, moshi unapita kwenye vichujio, wafanyakazi wanaoga na kubadilisha nguo kabla ya kurudi kwao. Kibaya, asidi inamwagwa chini, moshi unatoka hivyo hivyo, vumbi linaingia kwenye sufuria ya jirani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo akiimeza mwili wake unaifyonza mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima.

Betri za ofisi yangu sisemi zilikwenda Mombasa. Huko kwenyewe ziliyeyushwa zile za magari. Ninachosema ni kwamba nilisaini bila kujua zinakwenda wapi.

Nikarudi kwenye nakala ya fomu, ambayo kwa sheria za England tunatakiwa kuitunza miaka 3. Pale kuna sehemu ya mpokeaji. Mpokeaji wetu ni yadi ya kukusanyia, siyo tanuri. Yaani karatasi yetu inaishia getini kwa mtu wa kati. Nikamwandikia mkandarasi: naomba jina la kiwanda kinachoyeyusha. Jibu likaja, la heshima sana, kwamba vifaa hukabidhiwa kwa "washirika walioidhinishwa". Nikaandika tena: sawa, ni nani, na wako nchi gani?

Hiyo ni siku tisa zilizopita. Meneja wa jengo karudi likizo, na hafurahii, maana kuna paleti ya pili kwenye chumba cha chini inaziba njia ya baiskeli. Ananiuliza kila asubuhi kama nimemaliza upelelezi wangu. Namwambia bado. Fomu iko kwenye droo yangu, haina saini.

Shangazi naye ananiuliza. Yeye anapiga Ijumaa.