Barabara Mbele ya Nyumba Yako: Ni Nani Alipe?

Mwenye nyumba mjini hufurahi aonapo barabara ya mlangoni pake ikitengenezwa upya, mashimo yakifukiwa na lami ikimwagwa. Lakini katika miji mingi ya Marekani furaha hiyo hufuatwa na barua. Baraza la mji humwambia kwamba sehemu ya gharama ni juu yake, kwa kuwa kiwanja chake chapakana na barabara hiyo. Desturi ya zamani ni kugawa gharama kwa futi: mwenye futi 100 mbele ya barabara hulipa mara mbili ya mwenye futi 50.

Hoja yao si mbaya. Barabara njema huzidisha bei ya kiwanja, basi apataye faida kuliko wengine na atoe kuliko wengine. Hata sisi wakulima tuchimbapo mfereji, hatumwiti kazini mtu ambaye maji hayafiki shambani kwake. Ugomvi huanza katika kuipima faida hiyo.

Fikirini habari ya Bibi Baker wa Norwood, mji mdogo ulio karibu na Cincinnati katika jimbo la Ohio. Baraza la mji lilitaka kupitisha barabara katika ardhi yake, likatwaa kipande cha urefu wa futi 300 na upana wa futi 50. Ikaamuliwa mahkamani kwamba alipwe dola 2,000. Mpaka hapo hakuna neno. Kisha baraza likageuka, likaitoza ardhi yake iliyobaki pande zote mbili za barabara dola 2,218.58, yaani zile dola 2,000 zenyewe pamoja na gharama za shauri la kuitwaa ardhi. Fedha alizopewa kwa mkono wa kuume zikadaiwa kwa mkono wa kushoto, na nyongeza juu yake. Kama angaliwapa ardhi ile bure, angalipata nafuu!

Mama huyo hakunyamaza. Shauri lilifika Mahkama Kuu ya Marekani, na mwaka 1898 Jaji Harlan akatoa hukumu kwa niaba ya majaji walio wengi: mji ukimtoza mtu kupita kwa wazi faida aliyoipata, ile ziada ni mali ya mtu iliyotwaliwa bila malipo. Majaji watatu walipinga. Wala kupima kwa futi hakukukomeshwa, maana mwaka 1901 mahkama hiyo hiyo iliiruhusu njia hiyo katika shauri lililotoka Kansas City.

Katika jimbo la Minnesota sheria yenyewe husema kwamba malipo yasizidi faida ya kiwanja. Mwenye kiwanja hupelekewa taarifa, na kikao hufanywa ili asikilizwe. Akitaka kwenda mahkamani baadaye, yampasa awe amepinga kwa maandishi, ametia sahihi yake, kabla ya kikao kile au kikaoni penyewe. Mtu aliyelalamika kwa mdomo tu barazani kwa jirani amekwisha poteza haki yake. Wazee waliotimiza miaka 65, ambao kulipa ni shida kwao, baraza la mji laweza kuwaahirishia deni.

Katika mji wa Saint Paul, jimboni humo, wenye viwanja walikuwa wakitozwa kwa futi kila mwaka kwa kazi kama kufagia njia na kuondoa theluji. Makanisa mawili yakashitaki. Mwaka 2016 Mahkama Kuu ya Minnesota iliamua kwamba malipo yale kwa kweli ni kodi, kwa kuwa njia safi huwafaa watu wote wapitao. Mwaka 2023 wapiga kura wa mji huo walikubali kodi ya mauzo ya asilimia 1, iwe fedha za barabara na bustani. Kwa kodi hiyo hata mpangaji asiye na futi moja ya ardhi hulipia barabara anunuapo kiti au sufuria dukani, na mgeni aliyekuja kutembea vile vile.