Kijahazi Sebuleni

Kijahazi cha mbao kilichokugharimu jioni za miezi mingi hakistahili kuwekwa dirishani. Huko hupendeza wapita njia, lakini jua hudhoofisha nyuzi za tanga na kupausha rangi. Mbao nazo huvimba kwa unyevu na kunywea kwa ukavu, hata viungo vikaachia. Kiweke penye kivuli, mbali na moshi wa jiko, ikiwezekana ndani ya sanduku la kioo. Seremala wa mtaani aweza kukuundia. Vumbi lipanguse kwa brashi laini, kuanzia mlingotini kushuka. Kitambaa hunasa kamba na kuvunja foromali. Ukiona ungaunga chini ya mkuku, wamo wadudu watoboao mbao: kitenge upesi na samani nyingine. Na watoto? Waundie chao cha kuchezea.