Malengelenge ya mtoto: mtazame kabla hujampaka

Mtoto wa miaka miwili ameamka na malengelenge, na jirani keshatoa jibu: tetekuwanga. Huenda ni kweli. Ila mvue nguo zote kwanza, umtazame kwenye mwanga.

Tetekuwanga huwasha, mara nyingi huja na homa, na haitoki kwa mkupuo mmoja. Siku hiyo hiyo utaona vipele vipya, malengelenge yenye maji na vidonda vilivyoanza kukauka. Mkate kucha, na usimpe asipirini.

Vidonda kuzunguka pua na mdomo, vyenye gamba la rangi ya asali, kwa kawaida ni bakteria. Vinaambukiza haraka, hivyo taulo lake liwe lake peke yake. Dawa yake hutolewa na daktari, si majivu wala dawa ya meno (bado tunapaka, wazazi!).

Yakiwa viganjani, nyayoni na ndani ya kinywa, mara nyingi ni virusi, na hupona yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Kinywa kinamuuma, mpe vya baridi.

Akilegea, akikataa kunywa, asipokojoa, au ngozi kando ya kidonda ikivimba na kuwa ya moto, usisubiri kesho: mpeleke kituo cha afya.