Torati Ilipoingia Jikoni

Wasomaji wengi wa Biblia wakifika sura ya 11 ya Mambo ya Walawi huipita mbio. Ngamia, wibari, sungura na nguruwe. Samaki asiye na mapezi na magamba. Tai, bundi na kunguru: orodha ndefu ya vilivyokatazwa. Mkristo husema amekwisha wekwa huru na sheria hizo, Mwislamu husema anayo sheria yake. Sina ugomvi na imani ya mtu. Lakini kuiruka sura hiyo ni hasara, kwa maana Wayahudi walioishika kizazi baada ya kizazi wamechuma humo mafunzo ambayo sisi, pamoja na wingi wa mahubiri yetu, tunayakosa.

Wako wanaotaka kuimaliza habari hii kwa neno moja: afya. Nguruwe ana minyoo, damu huharibika upesi, basi Musa alikuwa kama bwana afya. Hata Musa bin Maimun, tabibu na mwanachuoni mkubwa aliyezaliwa Cordoba mwaka 1138 na kufariki Misri mwaka 1204, alitaja sababu za namna hiyo. Isaac Abravanel, aliyefukuzwa Hispania pamoja na Wayahudi wenzake mwaka 1492, alizikataa. Alisema Torati haikuletwa iwe kitabu kidogo cha utabibu, na tena wanaokula hivyo vilivyokatazwa tunawaona ni wazima na wenye nguvu. Namwunga mkono Abravanel. Kama sheria ingekuwa ya minyoo tu, ingekwisha siku mwanadamu alipojua kuivisha nyama.

Itazame jinsi inavyotendeka nyumbani. Uhai wa mnyama umo katika damu, na uhai ni wa Mungu. Kwa hiyo damu hailiwi: nyama hulowekwa majini kwa nusu saa, hutiwa chumvi kwa muda wa saa moja, kisha huoshwa ndipo ipikwe. Kisu cha kuchinjia hupapaswa makali yake kabla ya kuchinja, kisiwe na pengo hata dogo, mnyama asiumizwe. Mama na mtoto wake hawachinjwi siku moja. Ukikuta kiota njiani na ndege amelalia mayai, humchukui mama. Mwache aende zake. Na kwa sababu Torati imekataza mara tatu kumpika mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake, walimu wa Kiyahudi walitenga kabisa nyama na maziwa: sufuria zake, sahani zake, vijiko vyake. Aliyekula nyama mchana hungoja, wengine hata saa sita, ndipo anywe maziwa.

Sasa mfikirie mtoto aliyelelewa hivyo. Maziwa yapo mezani, ni ya kwao, hayana sumu, na hakuna anayemwona. Anangoja. Siku akikabidhiwa fedha za watu, jambo la kuacha kilicho karibu na mkono wake halitakuwa geni kwake. Sisi twamtaka kijana akatae rushwa akiwa na miaka thelathini, hali tangu utotoni hajaambiwa hata mara moja, “Subiri.” Twaandika kanuni za maadili na kuzibandika ukutani, na nyumbani mtoto hupewa kila anacholilia.

Wazee wa Kiyahudi walilijua hilo vyema. Katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, ambacho Wakatoliki wanacho katika Biblia yao, kuna habari za Eleazari, mwalimu wa sheria mwenye miaka tisini. Mfalme Antioko alitaka kuwalazimisha Wayahudi kula nguruwe. Waliowekwa kusimamia shughuli hiyo walimjua mzee huyu tangu zamani, wakamvuta kando na kumsihi alete nyama yake mwenyewe, iliyo halali, ajifanye tu kuwa anakula ya mfalme. Kinywani mwake kisingeingia chochote cha haramu! Alikataa. Vijana, alisema, watadhani Eleazari ameiacha dini yake uzeeni, nao watapotoka kwa ajili yake. Wakampiga hadi akafa. Kila mzazi na kila mwalimu aisome sura hiyo ya sita.

Wala si mambo ya kale peke yake. Karibu na Mbale nchini Uganda wako Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 baada ya kuisoma Biblia mwenyewe na kukusudia kuishika Torati. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao, wengi waliiacha, lakini wachache waliishika kwa siri, na jamii hiyo ipo mpaka leo.

Hata hivyo sheria ya chakula yaweza kushikwa kwa nje tu. Nguruwe ana kwato zilizopasuliwa, ila hacheui. Alama moja ya mnyama safi anayo, nyingine hana. Marabi wa zamani walisema kwamba akilala huzinyoosha kwato zake mbele, kana kwamba asema, nitazameni, mimi ni safi. Tarehe 12 Mei 2008, huko Postville, jimbo la Iowa, Marekani, maofisa wa uhamiaji walivamia machinjio makubwa ya nyama halali ya Kiyahudi na kuwakamata wafanyakazi karibu 400, wengi wao kutoka Guatemala. Yakasikika masimulizi ya watoto waliotumikishwa na ya malipo yaliyopunjwa. Miongoni mwa marabi wakawako waliouliza kwa uchungu: je, tukague makali ya kisu, tusimkague aliyekishika, analipwa nini na anatendewaje? Swali hilo ni letu pia, sisi tunaouliza buchani kama nyama imechinjwa kwa taratibu za dini na tusiulize habari za kijana anayeibeba.

Talmud, kitabu cha mafundisho ya marabi wa kale, inafundisha kwamba haifai mtu kula kabla hajampa mnyama wake chakula. Basi mwenye mbuzi, kuku au mbwa wa kulinda nyumba, awape wao kwanza. Na kama mnyama hutangulia, yule binti anayetupikia na kutuoshea vyombo asiachwe ale ukoko jikoni baada ya sisi kushiba. Ndugu msomaji, mpakulie leo jioni, na umpakulie nyama.