Chakula Kinapokwama Kooni

Wiki hii safu yetu inatoka mbali na bahari. Viazi vinavyokaangwa jioni katika vibanda vya Mji wa Kale na Majengo, ambavyo wengi wetu huvila kwa ukwaju bila kuuliza vilikotoka, vingi huletwa kwa malori hadi soko la Kongowea kutoka nyanda za juu za Nakuru na Nyandarua. Miongoni mwa mahali hapo ni Dundori, nchi ya baridi na ukungu iliyo kando ya msitu, katika barabara itokayo Lanet kuelekea Ol Kalou. Msomaji wetu mmoja, mfanyabiashara wa viazi, alituomba tufuatane naye kwenda kumzuru mzee ambaye amemuuzia mazao yake kwa miaka mingi na ambaye sasa ni mgonjwa. Tulikubali, kwa kuwa mgonjwa ana haki ya kuzuriwa awe wa dini yetu au siye, na kwa kuwa ugonjwa wenyewe ni ule mnaotuuliza mara kwa mara katika barua zenu: saratani.

Tulikaribishwa jikoni, kwani katika baridi ile jiko ndilo sebule. Kuni zilikuwa zikiwaka, moshi umetanda hadi usawa wa vichwa vyetu, na chai ya maziwa ikamiminwa kutoka katika sufuria iliyokuwa ingali ikitokota. Wenyeji waliinua vikombe wakanywa papo hapo. Sisi tulivishika kwa ncha za vidole tukangoja, na mzee, aliyeketi karibu na ukuta akiwa na kikombe cha uji mwepesi uliopoa, akatucheka kwa sauti iliyokwaruza.

“Wanangu,” alisema, “mimi chai isiyochoma sikuwahi kuiita chai.”

Alitusimulia yaliyompata bila kulalamika. Kwanza nyama ilianza kumkwama, akaacha nyama. Kisha githeri ikawa inasimama kifuani mpaka aisukume kwa maji, akaacha githeri. Akala viazi vilivyopondwa, kisha uji. Katika zahanati moja aliambiwa ni vidonda vya tumbo, akapewa dawa za kutuliza asidi, akazinywa, akarudi, akapewa nyingine. Jirani akamletea mizizi ya kuchemsha. Baadhi ya jamaa wakaanza kunong’ona kuhusu shamba lenye mgogoro na nani aliyekuwa na kijicho. Miezi saba ilipita tangu siku ile ya nyama hadi siku alipopitishiwa mpira wenye kamera kinywani, na kipande kidogo cha nyama kikakatwa na kupelekwa maabara. Jibu lilipotoka, saratani ya umio ilikuwa imekwisha kuvuka mahali ilipoanzia.

Tuseme kwanza saratani ni nini, kwa maneno machache. Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa seli, chembe hai ambazo huzaliwa, hufanya kazi yake na hufa kwa mpango. Seli moja inapoharibika katika maagizo yake ya ndani, ikakataa kufa na ikaendelea kujigawa, huwa chanzo cha uvimbe, na uvimbe ule hula nafasi ya viungo vingine na hatimaye hutuma seli zake mbali kwa njia ya damu na mitoki. Ugonjwa huu hauambukizi kwa kula pamoja wala kwa kumwosha mgonjwa. Wala si ugonjwa mmoja: saratani ya damu, ya titi, ya ini na ya umio zina visababishi tofauti na tiba tofauti, na kwa hiyo anayesema “dawa ya saratani ninayo” bila kuuliza ni saratani gani, huyo tayari amejifichua.

Umio ni ile njia ya chakula itokayo kooni hadi tumboni. Saratani yake ni nadra katika nchi nyingi za dunia, lakini upande wetu wa Afrika una ukanda mrefu unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, ambamo ugonjwa huu umekithiri, na Bonde la Ufa la Kenya limo katikati yake. Hospitali ya Tenwek, katika kaunti ya Bomet, imejulikana kwa miaka mingi kwa kuwahudumia wagonjwa hawa, na madaktari wa pale waliushangaza ulimwengu wa tiba walipoeleza kwamba baadhi yao hawakuwa wametimiza hata miaka 30. Kwingineko huu ni ugonjwa wa wazee.

Kwa nini hapa? Jibu si moja. Tumbaku na pombe, hasa pombe kali za kienyeji, zimo katika orodha kila mahali. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha umo. Mlo wenye matunda na mboga chache umo pia. Lakini lile lililotugusa tukiwa na vikombe mkononi ni joto lenyewe. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliviweka vinywaji vya moto sana, yaani vyenye joto lipitalo nyuzi 65 za selisiasi, katika kundi la vitu ambavyo huenda ikawa vinasababisha saratani kwa binadamu. Uchunguzi uliofanywa Eldoret kwa kuwalinganisha wagonjwa wa saratani ya umio na watu wasio nayo ulionyesha vivyo hivyo, kwamba wanaokunywa chai ikiwa ya moto sana wamo zaidi hatarini. Kosa si la majani ya chai wala la maziwa. Ngozi laini ya ndani ya umio inaunguzwa leo, inajitibu, inaunguzwa kesho, na katika kujijenga upya mara elfu na elfu, seli hupata nafasi ya kukosea. Dundori iko juu sana, na maji huchemka pale kabla ya kufika nyuzi 100, hata hivyo kikombe kilichotoka jikoni kinazidi mbali zile 65. Kinachotakiwa ni subira ya dakika chache. Wazee wetu walitufunza kwamba ni adabu kuacha chakula kipoe mvuke wake kabla ya kukila, na wengi wetu tulidhani ni adabu tu.

Msomaji wa pwani asije akadhani kwamba haya ni ya watu wa bara. Sisi tuna tambuu yenye tumbaku na tuna kuberi, ile inayowekwa chini ya mdomo na vijana wetu wanaodai kwamba hawavuti sigara. Tumbaku inayotafunwa husababisha saratani ya kinywa na ya umio, na anayeanza akiwa na miaka 15 hana haja ya kungoja uzee. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki tatu, au doa jeupe au jekundu lisilofutika, lionyeshwe daktari.

Tuliulizwa pia kama viazi vya Dundori vina sumu, kwa sababu ya dawa za kunyunyizia. Tusichanganye mambo mawili. Mwenye kubeba pampu mgongoni bila glovu wala kinga ya uso, na anayechotea maji kwa mtungi uliokuwa na dawa, yumo hatarini kweli. Dawa moja iliyotumika sana zamani, lindeni, imethibitishwa kusababisha saratani ya mitoki, na nyingine zinashukiwa. Lakini mlaji asiache viazi na kabichi kwa hofu hiyo, kwani kukosa mboga nako ni hatari. Aoshe vizuri na amenye. Anayestahili kuhurumiwa zaidi katika biashara hii ni mkulima mwenyewe, na sisi tunaonunua kwa bei ya kumkaba hatumwachii fedha ya glovu.

Turudi kwenye umio, kwa sababu una hila yake. Njia hii hutanuka, hivyo chakula huendelea kupita hata uvimbe unapokua, na mtu huanza kuona taabu njia ikiwa imekwisha kuzibwa kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana tunasema kwa mkazo: mtu mzima anayekwamwa na chakula kwa wiki mbili asibadilishe mlo, abadilishe daktari kama wa kwanza hakusikiliza, na aombe kwa jina lake kipimo cha kamera. Kule Bomet wamejaribu hata kuwapima wasio na dalili: umio hupakwa dawa ya iodini, seli nzima hugeuka rangi ya kahawia, na zilizoanza kuharibika hubaki hafifu, zikaonekana kabla hazijawa saratani. Ikigunduliwa mapema, sehemu iliyougua hukatwa, au mgonjwa hupewa dawa za saratani pamoja na mionzi. Ikichelewa, huwekwa kibomba cha waya kinachoifungua njia ili mtu aweze kumeza. Hakiponyi, lakini humwokoa mgonjwa asife kwa njaa, na hilo si jambo dogo.

Zipo saratani ambazo zina huruma zaidi kuliko hii, kwa maana kwamba hutupa muda, na katika hizo ndimo tunamopoteza watu pasipo sababu. Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na kirusi kiitwacho HPV, na tokea kuambukizwa hadi saratani kamili kwa kawaida hupita miaka 10 au zaidi. Chanjo yake hutolewa bure nchini Kenya kwa wasichana kuanzia umri wa miaka 10, tangu Oktoba 2019. Tumesikia ikisemwa mitaani kwamba chanjo hii huharibu uzazi. Si kweli, kinachoharibu uzazi ni saratani yenyewe. Tumesikia pia kwamba kumchanja binti ni kumtuhumu. Binti mwenye stara anaweza kuolewa na mume aliyebeba kirusi bila kujua, nasi hatuoni tuhuma iko wapi. Mama aliyefika miaka 30 apimwe. Muuguzi hupaka siki hafifu, huangalia kama kuna alama nyeupe, na mara nyingi hutibu siku hiyo hiyo. Anayeona haya aombe muuguzi wa kike, au aulize kipimo ambacho mwanamke hujichukulia mwenyewe sampuli.

Titi lenye uvimbe usiouma lisingojwe liume. Wanaume waliopita miaka 50 wazungumze na daktari juu ya tezi dume. Saratani ya ini hutokana mara nyingi na homa ya ini aina ya B, ambayo ina chanjo, na sumu ya ukungu katika mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa mabichi huizidisha.

Zamani wagonjwa wa mionzi kutoka Mombasa na Nakuru walikuwa wakikutana katika foleni moja, ile ya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, wengine wakingoja miezi. Leo hospitali za rufaa za Nakuru na za hapa kwetu Mombasa zina vituo vyao vya saratani vyenye mashine za mionzi. Jamaa wa upande wa Tanzania wanayo Taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam. Gharama bado ni nzito, na kila familia ijiandikishe katika bima ya afya ya jamii, SHA, wakati wote wangali wazima, kwani kukimbilia bima siku ya kutoka na jibu la maabara ni kukimbilia mwavuli mvua ikiwa imekwisha kukulowesha.

Na dua? Tuombe, tusome, tumsomee mgonjwa wetu. Hatujapata kumsikia mwanachuoni wa kuheshimika akisema kwamba kisomo na kipimo havikai nyumba moja. Tunaowaogopa ni wale wanaomwambia mgonjwa aache dawa za hospitali ili zao zifanye kazi, na aghalabu hao ndio wanaotaka malipo kabla.

Jambo moja lilitusumbua pale Dundori. Watoto wa mzee walimficha jina la ugonjwa kwa wiki kadhaa, wakamwambia ni kovu. Walifanya kwa mapenzi. Lakini mzee alikuwa na deni la mbegu, na mgogoro wa mpaka ambao yeye peke yake ndiye aliyekumbuka ulivyokatwa, na zile wiki alizifikiria kuwa ni za kupona. Alipoambiwa, alituarifu, alikaa kimya siku moja, kisha akawaita jirani na wazee wawili, wakaenda shambani wakaonyeshana mawe. Deni alilipa kwa magunia.

Kibomba amekwisha kuwekewa. Siku tuliyokuwapo alikula kijiko kimoja kimoja cha viazi vilivyopondwa kwa maziwa, viazi vyake mwenyewe, na alimaliza sahani. Mkaza mwanawe alitumiminia kikombe cha pili, akakifunika kwa kisahani, akakiweka kando ya jiko. Alipoona tunakitazama alisema kwamba siku hizi katika nyumba ile watoto hawapewi chai mpaka yeye mwenyewe aionje kwanza.